Kompyuta Kuukuu na Kompyuta Mpya Nyumba Moja: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kupeana Faili

Kompyuta mbili za nyumba moja zikikataa kupeana faili, lawama huenda kwa ile kuukuu. Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Umoja, Nairobi, na ninayoyaona mezani ni kinyume: kuukuu bado inaongea vilevile ilivyoongea siku ilipotolewa kwenye boksi. Iliyobadili lugha ni mpya, tena kwa sababu nzuri. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa zaidi, mengine kwa simu saa nne usiku. Nimezungumzia Windows kwa kuwa ndiyo iliyo katika nyumba nyingi ninazoingia. Mac na Linux nimezigusa karibu na mwisho.

Zamani zilikuwa zinaonana bila shida. Nini kimebadilika?

Kompyuta za Windows hupeana faili kwa itifaki, yaani lugha ya mawasiliano, iitwayo SMB. Ya kwanza, SMB1, ilianza miaka ya 1980, enzi ambazo mtandao ulikuwa mashine chache ndani ya ofisi moja na hakuna aliyewaza mwizi wa kutoka bara jingine. Windows XP, iliyotoka 2001, inajua hiyo peke yake. Vista ilikuja na SMB2, Windows 8 ikaja na SMB3, na kila iliyofuata ikaendelea kuielewa SMB1. Ndiyo maana miaka yote hiyo hukuona tatizo.

Mei 2017 programu haribifu ya WannaCry ikapenya kupitia ufa wa SMB1 na kufunga faili za watu katika nchi nyingi, hospitali za Uingereza zikiwemo. Microsoft ilikuwa imetoa kiraka Machi mwaka huohuo, ila wengi hawakuwa wamekiweka. Kuanzia toleo la 1709 la Windows 10, la Oktoba 2017, SMB1 ikaanza kuondolewa: ukiweka Windows upya huikuti, au inajiondoa yenyewe ikikaa siku 15 bila kutumika. Kisha 2024 likaja toleo la 24H2 la Windows 11. Kwenye Pro, toleo hilo linadai mazungumzo yote ya SMB yatiwe sahihi ya kidijitali, na linakataa kuingia kwenye kompyuta nyingine kama mgeni asiye na nenosiri.

Kwa hiyo laptopu inaweza kufungua folda za kompyuta ya sebuleni vizuri Ijumaa, ikajisasisha usiku, Jumamosi ikagoma. Hukuharibu kitu. Andika winver kwenye kisanduku cha kutafuta uone una toleo gani. Mengi hapa chini yanategemea jibu hilo.

Nianzie wapi kabla sijagusa mipangilio yoyote?

Anza na namba. Kwenye kila kompyuta fungua cmd, lile dirisha la kuandika amri, andika ipconfig, usome anwani ya IPv4. Zikiwa 192.168.1.12 na 192.168.1.15, mashine zako ni majirani. Moja ikiwa 192.168.1.12 na nyingine 192.168.100.7, kila moja iko kwenye mtandao wake. Hili nalikuta sana kwenye nyumba zenye ruta ya kampuni ya intaneti na ruta nyingine ya pili iliyonunuliwa ili Wi-Fi ifike chumba cha nyuma. Ziunganishe zote mbili kwenye ruta ileile. Anwani ikianza na 169.254, kompyuta iliomba namba ikakosa wa kuipa: angalia waya, au zima ruta uiwashe tena.

Halafu piga ping, yaani ping 192.168.1.15, ukiwa kwenye ile nyingine. Ikijibu, njia ipo. Isipojibu, usikate tamaa mapema, maana fayawoli ya Windows, yaani mlinzi wake wa mlangoni, inaweza kunyamazia ping hata njia ikiwa nzima.

Laptopu ya zamani haioni kabisa jina la Wi-Fi. Ina virusi?

La. Kadi yake inasikia masafa ya 2.4 GHz tu, na wewe umeweka 5 GHz, au ruta imewekwa WPA3, ulinzi mpya wa Wi-Fi ambao haiujui. Ingia kwenye ruta, washa 2.4 GHz, chagua WPA2. XP nayo iwe na Service Pack 3, vinginevyo hata WPA2 itaisumbua.

Ping inajibu, lakini nikifungua Network, ukurasa wa kompyuta za jirani, sioni kompyuta nyingine.

Usiingoje ikoni itokee. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika \\192.168.1.15, bonyeza Enter. Folda zikifunguka, kazi imekwisha. Ikoni ilikuwa pambo tu. Ile orodha ya zamani ya kompyuta za jirani ilijengwa na huduma iliyotegemea SMB1, ikaondoka nayo. Orodha ya sasa hutegemea huduma iitwayo Function Discovery Resource Publication: fungua services.msc, kwa Windows na R vilevile, kwenye mashine yenye faili, uhakikishe inafanya kazi.

Kama hata anwani haifunguki, tazama mtandao umeandikwa Public au Private. Windows ya sasa ikikutana na Wi-Fi mpya huiweka Public, yaani inajichukulia kama iko kwenye mkahawa mjini, na inafunga mlango. Ya nyumbani kwako ibadilishe iwe Private, kwenye ile mashine inayotoa faili. Inayochota haihitaji kufungua mlango wowote.

Kuna watu hupoteza jioni nzima wakibadilisha jina la kikundi, kwa sababu XP Home huja na MSHOME na nyingine huja na WORKGROUP. Majina yakilingana orodha hupangika vizuri, basi. Hayazuii wala hayaruhusu mtu kuingia.

Inaniomba jina la mtumiaji na nenosiri. Mimi sina nenosiri, huwa naiwasha tu.

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Windows huzuia akaunti isiyo na nenosiri kuingia kupitia mtandao. Ukiwa umeketi mbele yake inakufungulia; ukija kupitia waya inakukatalia, hata ukiacha kisanduku kitupu. PIN nayo haisaidii. Zile tarakimu nne unazobonyeza asubuhi ni za mashine hiyohiyo, hazitambuliki kwingine. Ukiulizwa nenosiri la kompyuta inayotumia akaunti ya Microsoft, linalotakiwa ni nenosiri la akaunti hiyo, lile uliloandika siku ya kwanza na hujaliona tena.

Ninachofanya mimi ni kutengeneza akaunti ya tatu kwa kazi hii tu. Kwenye mashine yenye faili, fungua cmd kama msimamizi na uandike:

net user familia * /add

Itakuuliza nenosiri mara mbili. Unapoandika hakuna kinachoonekana kwenye skrini, usishtuke. Amri hii ni ileile kuanzia XP hadi Windows 11. Kisha bofya folda yako kulia, ingia kwenye sifa zake, ifungue kwa wengine na umpe "familia" ruhusa. Ruhusa ziko sehemu mbili: ya kugawana na ya usalama wa folda yenyewe. Kupitia mtandao, ile iliyo kali zaidi ndiyo inayotawala, kwa hiyo ukiambiwa umekatazwa ilhali ulishatoa ruhusa, ujue umeitoa upande mmoja.

Unapoingia kutoka mashine ya pili, andika jina hivi: 192.168.1.15\familia. Usipotanguliza anwani, Windows inaweza kumtafuta "familia" kwenye kompyuta uliyoketi, asiwepo. Ukikosea mara ya kwanza kisha ikagoma hata ukisahihisha, imeshika lile jaribio la awali. Andika net use * /delete, ikubali, ujaribu tena. Amri hiyo hukata miunganisho yote ya mtandao, kwa hiyo funga kwanza faili ulizofungua kutoka kompyuta nyingine.

Nina Windows 7 na Windows 11. Nimeona video ikisema niwashe SMB1. Niwashe?

Usiwashe. Windows 7 inajua SMB2, na Windows 11 inaielewa vizuri. Kinachokatiza hapo ni nenosiri tupu, kuingia kama mgeni, au mtandao ulioandikwa Public. Rudi kwenye jibu lililotangulia. Video hizo huwasha SMB1, ruhusa za mgeni na kuzima fayawoli vyote kwa mpigo, kimoja kati ya hivyo kinafanya kazi, na mtazamaji anabaki na milango mitatu wazi asijue ni upi uliomsaidia.

Na XP je?

XP ni habari nyingine, maana haina lugha mbadala.

Kama mashine mpya ni Windows 10, njia ipo. Andika optionalfeatures kwenye kisanduku cha kutafuta, ushuke hadi SMB 1.0. Ukikipanua utaona vipengele vitatu. Weka alama kwenye Client peke yake; Server iache, kwa sababu ndiyo upande unaopokea wageni na ndio walioupitia WannaCry. Washa upya, nenda \\anwani ya XP, chota faili ukiwa kwenye mashine mpya. Ukimaliza, siku hiyohiyo, ondoa ile alama. Wakati wote huo chomoa waya wa intaneti kwenye ruta. Faili zitapita tu, ruta haihitaji intaneti kuzipitisha.

Kama mpya ni Windows 11 Pro ya 24H2, kuna lile sharti la sahihi, kuna mgeni asiyekubalika, na XP Home humpokea kila anayekuja kwa mtandao kama mgeni. Unaweza kulegeza sharti moja moja, nami nimewahi. Siku hizi naenda na bisibisi.

Niliitwa Buruburu kwa mwalimu mstaafu. Kompyuta yake ya XP ilikuwa chini ya kitambaa cha kufuma, ina hesabu za chama tangu 2005 na picha za harusi ya binti yake. Binti alikuwa amekuja na laptopu mpya, ameshinda siku mbili akiwasha hiki na kuzima kile.

"Mwalimu, naomba niifungue hii mashine."

"Fungua, Fundi. Lakini daftari la chama lisipotee, hawa akina mama watanila mzima."

Nikatoa skrubu, nikapuliza vumbi, nikachomoa diski. Ilikuwa IDE, ile ya waya mpana kama utepe. Nikaiunganisha na adapta ya USB yenye umeme wake, kwa sababu diski kubwa za mezani haziwezi kuzunguka kwa nguvu ya tundu la USB pekee. Ikanguruma. Windows 11 ikaionyesha kama flashi kubwa tu, ikasema hatuna ruhusa ya kufungua folda ya mtumiaji. Tukabofya kuendelea, tukangoja ibadilishe ruhusa, zikafunguka. Mwalimu alisimama nyuma ya kiti akitaja folda kwa sauti, mwaka baada ya mwaka, kama anayeita rejista. Alipofika 2011 akanyamaza, kisha akasema, "Endelea, huo hatukuchanga."

Adapta za namna hii zinapatikana maduka ya vifaa vya kompyuta Luthuli Avenue na kandokando yake. Ulizia inayokubali diski za IDE na za SATA, aina iliyofuata, zote mbili. Kabla hujachomoa diski, washa XP mara ya mwisho utazame kama kuna faili zenye majina ya rangi ya kijani. Hizo zimefungwa kwa siri na akaunti ya Windows ileile. Ziondolee ufungaji huo zikiwa humo ndani, kwa sababu nje ya hapo zitaonekana na hazitafunguka.

Tunatumia Wi-Fi ya ploti. Mbona kompyuta zangu mbili haziwasiliani?

Ploti nyingi hapa Nairobi zina mtu aliyeleta laini moja na kuwauzia wapangaji. Mwenye akili huwasha kizuizi kwenye ruta ili kifaa cha nyumba moja kisione cha nyingine, na ruta haijui kwamba hivi viwili ni vyako. Shukuru kwamba kipo. Kama hakipo, ukiandika mtandao huo Private na kufungua folda kwa kila mtu, jirani wa ghorofa ya tatu atazisoma risiti zako akiwa kitandani.

Usigawane faili kwenye Wi-Fi ya watu. Nunua ruta ndogo yako mwenyewe, hata isiyo na intaneti, au tumia waya.

Waya moja kwa moja kati ya kompyuta mbili unawezekana?

Tena ni njia ninayoipenda. Waya wa kawaida wa Ethernet unatosha kama hata moja ina kadi ya gigabiti, kwa kuwa kadi hizo hujipanga zenyewe. Kadi mbili za kale za megabiti 100 huenda zikataka waya uliogeuzwa. Fundi yeyote mwenye koleo la RJ45 atakubania.

Kwa Windows na R fungua ncpa.cpl, ingia kwenye IPv4 ya kadi ya waya, ipe moja 192.168.50.1 na nyingine 192.168.50.2, barakoa (Subnet mask) 255.255.255.0 kwa zote. Zima Wi-Fi. Mashine mpya itaita mtandao huo usiotambulika na kuuweka Public, nawe hutauhitaji ubadilike kama unachota kutoka kwa ile ya zamani. Ukimaliza, rudisha kadi ijichukulie anwani yenyewe, la sivyo wiki ijayo utanipigia kwamba intaneti imekufa.

Picha za GB 40 zinaonyesha saa tano. Na stima ikipotea katikati?

Inategemea kiungo kilicho dhaifu. Wi-Fi ya zamani ya 802.11g huandikwa megabiti 54 kwa sekunde, lakini unachopata ni karibu MB 2.5 hivi kwa sekunde, na GB 40 zinakula zaidi ya saa nne. Kadi ya waya ya megabiti 100 inakupa takriban MB 11, kazi ya saa moja. Gigabiti pande zote mbili inaweza kukaribia MB 110, ila hapo diski ya zamani yenyewe itakuwa imeshachoka. Peleka waya.

Stima nayo haina ahadi, na kompyuta ya mezani haina betri. Badala ya kuburuta folda kwa kipanya, andika kwenye mashine mpya:

robocopy \\192.168.1.15\Picha D:\Picha /E /Z /R:2 /W:5

Stima ikirudi, rudia amri ileile. Itaruka zilizokwisha kufika na kuendelea na zilizobaki. Bila hizo R na W, ikikutana na faili mbovu itairudia mara milioni moja, ikingoja nusu dakika kila mara. Sitii chumvi, ndivyo ilivyowekwa kiwandani.

Flashi ina nafasi ya kutosha lakini inakataa video moja.

Flashi imepangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haipokei faili moja ya GB 4 au zaidi. Ipange upya kwa NTFS, ambayo XP inaisoma, baada ya kutoa vilivyomo. exFAT pia inafaa kwa Windows 7 kwenda juu. XP inahitaji sasisho la ziada ili kuisoma.

HomeGroup iko wapi?

Haipo. Njia hiyo ya Windows ya kugawana faili nyumbani ilikuja na Windows 7 mwaka 2009, ikaondolewa kwenye toleo la 1803 la Windows 10 mwaka 2018. Funguo zake ulizoandika kwenye karatasi hazifungui kitu tena.

Ruta yangu ina tundu la USB. Nikichomeka diski hapo si itasaidia pande zote?

Ndiyo, kama ruta inajua SMB2. Nyingi za zamani hazijui, na mashine mpya itakataa diski hiyo kama inavyoikataa XP. Tafuta sasisho la programu ya ruta kwanza. Likikosekana, diski hiyo ichomeke kwenye kompyuta.

Nimepewa namba ya kosa. Inamaanisha nini?

0x80070035 ni kwamba njia haikupatikana: anwani imekosewa, fayawoli imefunga, au upande mmoja unajua SMB1 tu. 0x80070005 ni kwamba umefika mlangoni ukakatazwa, kwa hiyo shughulika na ruhusa, waya uache. 0x80004005 ni Windows kusema "kuna kitu", nayo haina maana zaidi ya hiyo.

Mac na Linux?

Mac zilianza kuipendelea SMB kwenye Mavericks ya 2013, kwa hiyo Mac ya baada ya hapo na Windows 11 huelewana kwa jina na nenosiri. Linux huongea SMB kwa programu iitwayo Samba, ambayo toka toleo la 4.11 la 2019 nayo imefunga SMB1. Linux ina faida moja: ukiwasha kompyuta kuukuu kwa flashi ya Linux nyepesi, inaweza kusoma diski ya XP na kuzituma faili kwa lugha ya kisasa, bila kufungua skrubu hata moja.

Faili imefika salama lakini haifunguki.

Kupeana kumekwisha, hili ni jambo la programu. Word 2003 haifungui .docx bila nyongeza. LibreOffice, ambayo ni bure, hufungua za zamani na mpya.

Baada ya kuhamisha kila kitu, niiache ile ya zamani kwenye mtandao?

XP haijapata msaada tangu 8 Aprili 2014, Windows 7 tangu 14 Januari 2020, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma 14 Oktoba 2025. XP na 7 mimi huziondoa kwenye intaneti, zibaki za kuchapa barua na michezo ya watoto.

Kabla hujafuta chochote, kaa kwenye mashine mpya ufungue faili tatu: ya zamani kuliko zote, kubwa kuliko zote, na ile ambayo mwenyewe akiikosa hatalala. Kwa Mwalimu ilikuwa daftari la chama. Ukiamua kuitupa mashine, WEEE Centre hapa Nairobi hupokea taka za umeme. Diski itoe kwanza, uifunge kwenye nailoni, uandike tarehe juu yake kwa kalamu nene.